Kinyaa Si Kipimo cha Chakula

Katika miaka ya 1830 mwanasayansi wa Kiingereza, Charles Darwin, alifika Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, akisafiri katika meli ya uchunguzi iliyoitwa Beagle. Siku moja alikuwa kambini akila nyama ya akiba iliyopoa. Mwenyeji mmoja wa nchi ile akaigusa nyama hiyo kwa kidole, akaona jinsi ilivyo laini, na uso wake ukajikunja kwa kinyaa. Darwin naye akashikwa na kinyaa chake, kwa kuwa chakula chake kimeguswa na mtu asiyevaa nguo. Ingawa alikiri mwenyewe kwamba mikono ya mtu yule haikuonekana michafu. Kisa hicho alikisimulia miaka mingi baadaye, mwaka 1872, katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao.

Watu walikuwa wawili, nyama ilikuwa moja, na kila mmoja alichukizwa kwa sababu yake. Hakuna kati yao aliyekuwa amepima kama nyama ile imeoza au ni nzima. Kilichowatenganisha hakikuwamo sahanini; kilikuwamo katika malezi ya kila mmoja wao.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa kila yanapozuka mazungumzo juu ya vyakula vya ajabu vya mataifa. Habari za namna hiyo hupendwa sana: wako watu walao mabuu, wako walao mayai yenye vifaranga, wako walao samaki aliyevunda. Msomaji hushangaa, hutema mate, hucheka, kisha hufungua ukurasa mwingine akiwa ameridhika kwamba watu wa kwao ndio wastaarabu. Hoja ya makala haya ni kwamba kicheko hicho kina gharama. Kinyaa ni mlinzi wa kale wa mwili, lakini ni mlinzi asiyeona mbali: aghalabu humfukuza mgeni mwema na kumfungulia mlango adui anayemfahamu kwa sura. Shule isiyomfundisha mwanafunzi kutenganisha kinyaa na hatari imemwacha bila silaha mbele ya sahani yake mwenyewe.

Kinyaa ni nini

Kinyaa si upuuzi. Ng'ombe hula majani, simba hula nyama. Lakini binadamu, kama panya, hula karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo kila chakula kipya kwake chaweza kuwa shibe au sumu. Kiumbe wa namna hiyo hana budi kuwa na tahadhari. Utazamapo uso wa mtu aliyeshikwa na kinyaa, huona pua imejikunja, mdomo wa juu umeinuka, na ulimi unataka kutoka. Harakati hizo ni za kuzuia harufu isiingie na kutema kilichokwisha kuingia. Mzoga, usaha na kinyesi hubeba vijidudu vya maradhi, na mtu anayevikimbia hujiepusha na madhara mengi hata kama hajapata kusikia neno bakteria.

Hata hivyo, mtazame mtoto wa mwaka mmoja. Hutia kinywani udongo, mchwa, na hata kinyesi chake asipoangaliwa. Ladha chungu huikataa tangu kuzaliwa, lakini orodha ya vitu vya kuchukiza hajaletewa duniani pamoja naye. Orodha hiyo huisoma polepole katika uso wa mama, katika makaripio ya bibi, na katika vicheko vya watoto wenzake. Akifika umri wa kwenda shule amekwisha kuihifadhi, naye hudhani kwamba ndiyo maumbile.

Wataalamu wa saikolojia wameonyesha jinsi kinyaa kisivyosikiliza hoja. Mwaka 1986 Mmarekani Paul Rozin na wenzake walitoa taarifa ya jaribio moja rahisi. Mende aliyekufa, ambaye amekwisha kutakaswa asibaki na kijidudu hata kimoja, alichovywa katika maji ya matunda mbele ya watu. Watu hao walielezwa wazi kwamba mende hana madhara. Na bado hamu yao ya kuyanywa maji yale ilipotea. Akili ilikubali kwamba kinywaji ni salama, lakini kinywa kilikataa.

Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford walitoa matokeo mengine yanayofanana na hayo. Iko asidi iitwayo asidi ya isovaleriki, ambayo hupatikana katika harufu ya jibini kuukuu na pia katika harufu ya miguu iliyotoka jasho. Watu walinusishwa harufu hiyo yenye asili ya jibini huku wakisoma maandishi. Maandishi yaliposema kwamba ni jibini, waliisifu. Yaliposema kwamba ni harufu ya mwili wa mtu, waliona kuwa inaudhi. Harufu haikubadilika. Neno moja tu lilitosha kugeuza chakula kuwa uchafu.

Papa, mayai na soya

Baada ya kuyafahamu hayo, na vitazamwe upya baadhi ya vyakula ambavyo aghalabu hutajwa kwa dhihaka.

Katika kisiwa cha Iceland huliwa samaki aitwaye hákarl. Ni papa wa bahari za barafu za kaskazini, ambaye nyama yake mbichi ni sumu. Papa wote huhifadhi yurea mwilini ili maji ya miili yao yalingane na ukali wa chumvi ya bahari; mwanafunzi aliyesoma osmosisi atafahamu mara moja faida ya jambo hilo. Lakini yurea huharibu protini, na kwa hiyo papa huhifadhi pia oksidi ya trimethilamini, ambayo hulinda protini zake. Papa wa Iceland anayo kwa wingi mno. Ikiingia tumboni mwa mlaji hugeuzwa kuwa trimethilamini, nayo humlevya mtu akapepesuka mithili ya mlevi.

Watu wa Iceland, katika nchi isiyostawisha nafaka kwa urahisi, hawakuweza kuutupa mlima mzima wa nyama. Walimfukia papa huyo katika changarawe, wakamkandamiza kwa mawe kwa muda wa wiki 6 hadi 12, maji yenye sumu yakachuruzika na bakteria wakaivunja yurea kuwa amonia. Kisha walimkata vipande na kuvitundika katika upepo kwa miezi kadhaa. Mwisho wake ni nyama yenye harufu ya amonia inayomtoa mgeni machozi, lakini isiyoua. Harufu hiyo ni alama ya kazi iliyofanywa na bakteria, na kazi hiyo ndiyo iliyokifanya chakula kiweze kulika.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haki ya kucheka sana. Toka Lamu mpaka Unguja, papa ng'onda, yaani papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, ni kitoweo chenye heshima yake, hasa akiungwa kwa nazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman na Hadhramaut yalimleta papa mkavu pamoja na tende. Mgeni wa kutoka bara anayepita karibu na ghala la ng'onda kwa mara ya kwanza huziba pua. Mwenyeji huvuta pumzi na kukumbuka jikoni kwa mama yake. Chumvi na jua hufanya kazi tofauti na ile ya changarawe na upepo, lakini tatizo lililotatuliwa ni moja: nyama ni nyingi leo, na kesho hakuna.

Nchini China liko yai la bata liitwalo pidan, ambalo wageni wamelipa jina la yai la miaka mia. Jina hilo ni la mzaha, kwani yai hilo hukaa wiki kadhaa au miezi michache tu. Huzungushiwa mchanganyiko wa chokaa, majivu na chumvi. Alikali ya mchanganyiko huo hupenya ganda, na ute mweupe hugeuka kuwa kitu kama jeli, chenye rangi ya kahawia na kinachopitisha mwanga, huku kiini kikiwa kijani cha kukoza. Yai halikuoza. Protini zake zimebadilishwa umbo na alikali, kama vile moto unavyozibadilisha za yai la kuchemsha. Mpishi wa Kiafrika anayetia magadi katika maharage ili yalainike naye anaitumia alikali, ingawa kwa kazi nyingine.

Katika nchi ya Ufilipino wachuuzi wa usiku huuza balut, yai la bata lililoatamiwa kwa muda wa wiki mbili na zaidi, likachemshwa pamoja na kijibata kilichomo. Mlaji hutoboa ganda, hunywa mchuzi, hutia chumvi na siki, kisha hula vilivyobaki. Watu wengi ambao hula yai asubuhi na kuku jioni huona kwamba hiki ni kioja. Lakini Mfilipino amekula kitu kilichomo katikati ya hivyo viwili, na hapo ndipo penye siri ya karaha yao. Mtaalamu wa elimu ya jamii Mary Douglas, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walele wa Kasai katika Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba uchafu, machoni pa jamii, ni kitu kilichotoka mahali pake. Yai lina mahali pake na kuku anapo pake. Kisicho yai wala kuku hakina mahali, na kwa hiyo huchukiza.

Wajapani nao wana natto, soya iliyochemshwa kisha ikachachushwa na bakteria aitwaye Bacillus subtilis. Ikiinuliwa kwa vijiti huvuta nyuzinyuzi kama ute, na harufu yake ni nzito. Chakula hicho kina protini ya kutosha na vitamini K kwa wingi. Jambo la kutazamwa ni kwamba hata ndani ya Japani hakipendwi sawasawa: watu wa mashariki, upande wa Tokyo, wamekizoea zaidi, na wengi wa magharibi, upande wa Osaka, hukikunjia uso. Kinyaa, kwa hiyo, hakifuati rangi ya mtu wala taifa lake; hufuata mazoea ya nyumbani. Wahenga walisema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi.

Sumu isiyochukiza

Iwapo kosa la kinyaa lingekuwa kuwanyima watu vyakula vya wenzao tu, jambo lenyewe lingekuwa dogo. Kosa kubwa zaidi ni kwamba kinyaa hunyamaza pale ambapo kelele zake zingehitajika.

Hakuna mtu anayeuonea kinyaa muhogo. Ni mweupe, hauna harufu, na umelisha mamilioni ya watu. Lakini muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Seli za muhogo zinapovunjwa, kimeng'enya kilichomo humo humo hukutana na linamarini na kuanzisha mabadiliko yanayotoa sianidi. Ndiyo maana wazee walioloweka muhogo siku kadhaa, wakauanika na kuutwanga, walikuwa wakifanya kazi ya kikemia: waliipa sumu nafasi ya kutoka kabla ya chakula kufika chunguni. Kazi ya mwanamke aliyeloweka muhogo mtoni na kazi ya mvuvi wa Iceland aliyefukia papa ni za ukoo mmoja.

Kazi hiyo ikikatizwa, hukumu yake ni kali. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wa Kwango katika Kongo. Wayaka waliuita konzo, jina linalotokana na miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo huja ghafla, hupooza miguu yote miwili, nao hauponi. Wahanga wake wengi ni watoto na wanawake. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nao katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ulichunguzwa pia Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Njaa iliwalazimisha watu kufupisha siku za kuandaa muhogo mchungu, na vyakula vya protini, ambavyo huusaidia mwili kuondoa sianidi, vilikuwa haba. Sahani iliyowalemaza haikuwa na buu wala harufu mbaya.

Mfano wa pili ni mahindi na karanga. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus hustawi katika nafaka isiyokauka vizuri, naye hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina ladha ya kumwonya mlaji, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ilileta vifo nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao wote walikula chakula walichokijua tangu utoto, chakula ambacho hakuna gazeti lingekitaja miongoni mwa vioja vya dunia. Mtu anayemtemea mate mla panzi, kisha akasaga mahindi yaliyolala kwenye sakafu yenye unyevu, amekosea kumtambua adui.

Si kila mila ni salama

Yako makosa ya upande wa pili pia, nayo hutokea kwa watu wenye nia njema. Husemwa kwamba kila jamii ina chakula chake, na kwamba kila kilicholiwa na mababu ni chema. Sayansi haiwezi kukubali kauli hiyo bila uchunguzi.

Katika kisiwa cha Sardinia, Italia, hutengenezwa jibini iitwayo casu marzu. Nzi mdogo aitwaye Piophila casei hutaga mayai ndani ya jibini ya maziwa ya kondoo, na mabuu yake huyeyusha mafuta mpaka jibini ikawa laini kabisa. Wapenzi wake huila pamoja na mabuu yaliyo hai, ambayo huweza kuruka kiasi cha sentimeta 15. Sheria za nchi hiyo haziruhusu jibini hiyo kuuzwa, na iko sababu ya kweli, si kinyaa cha watunga sheria pekee: buu hai laweza kustahimili asidi ya tumbo na kuudhi utumbo wa mlaji. Hapa mashaka yana msingi.

Mfano ulio mzito zaidi watoka Alaska. Wenyeji wa huko kwa vizazi vingi walichachusha vichwa vya samaki katika shimo lililochimbwa ardhini na kutandikwa majani, mahali penye baridi. Baadaye, katika karne ya 20, vyombo vya plastiki vilipofika, baadhi ya watu waliona ni nadhifu zaidi kutumia ndoo yenye kifuniko na kuiweka penye joto. Ndani ya ndoo iliyofungwa sawasawa hewa haiingii, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayestawi mahali pasipo na hewa, hutoa sumu yenye kupooza misuli ya kupumulia. Wagonjwa wa sumu hiyo waliongezeka. Jina la chakula halikubadilika, wala samaki. Kilichobadilika ni chombo na joto. Mila ilirithishwa, lakini sababu ya mila haikurithishwa.

Somo hilo lawahusu watu wote wanaohamisha upishi wa kale kuupeleka katika vyombo vya kisasa. Husemwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, lakini na yule aishikaye mila bila kujua kwa nini wazee walifanya hivyo naye hayuko huru, kwani siku chombo kitakapobadilika hatajua lipi la kushika na lipi la kuacha.

Senene na aibu

Mambo haya yakikwisha kueleweka, ndipo yafaapo kuletwa nyumbani. Mkoani Kagera, majira ya mvua za mwisho wa mwaka, senene hufika kwa makundi makubwa. Hukamatwa, huondolewa mbawa na miguu, hukaangwa au kukaushwa, na huwa zawadi ya kupelekewa mgeni wa heshima. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, biashara ya senene hulisha jamaa nyingi. Katika masoko ya Kinshasa viwavi wakavu huuzwa kwa mafungu, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kumbikumbi hukusanywa baada ya mvua. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilihesabu zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani. Senene aliyekaushwa ana protini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na mafuta yake ni mengi vilevile.

Na bado mwanafunzi kutoka Bukoba anayepelekewa kopo la senene katika shule ya bweni mbali na kwao aweza kulificha chini ya kitanda. Anajua kwamba wenzake watamwita mla panzi. Baada ya miaka michache huacha kuwala, na watoto wake hawatawajua kabisa. Mahali pa senene penye kifua hicho huchukuliwa na biskuti na soda, ambazo hazimchukizi mtu na hazijengi mwili. Wakati huohuo mambo yamegeuka kwingineko: mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu buu la mende wa unga na nzige kuuzwa kama chakula. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama mjukuu wa mla senene angekuja kununua wadudu kutoka ng'ambo, ndani ya pakiti yenye picha nzuri, baada ya kuona aibu kuwaokota uani kwa babu yake.

Kamba-koche ni ushahidi kwamba heshima ya chakula hupanda na kushuka. Katika pwani ya New England, Marekani, alipokuwa akipatikana kwa wingi mno zama za walowezi wa kwanza, alihesabiwa kuwa chakula cha maskini. Siku hizi huuzwa kwa bei kubwa katika mahoteli. Mwili wake haukubadilika; na kwa elimu ya viumbe, yeye na senene ni jamaa, maana wote wawili ni wa kundi la arithropoda.

Ujamaa huo una onyo lake. Mtu ambaye kamba humletea mwasho na uvimbe huenda senene nao wakamdhuru. Mafuta ya senene wasiokaushwa vizuri huharibika upesi. Nzige walipovamia Kenya na nchi za jirani mwishoni mwa mwaka 2019 na katika mwaka 2020, maeneo makubwa yalinyunyiziwa dawa, na watu walionywa wasiwale nzige waliofikwa na dawa hiyo. Nzige ni chakula. Nzige mwenye dawa ni sumu. Jambo la kuuliza ni alikotoka na alivyoandaliwa, wala si idadi ya miguu yake.

Hali kadhalika miiko ya kinyumbani yafaa kupimwa. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki mama mjamzito amekatazwa kula mayai, kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Protini aliyoihitaji yeye na mtoto wake ilibaki kwenye sahani ya mwingine. Mwiko wa namna hiyo haulindi afya ya mtu, nao unastahili kuachwa bila majuto.

Katazo la dini ni jambo jingine. Mtu anayeacha chakula fulani kwa ajili ya imani yake haongozwi na kinyaa, wala sayansi haina amri ya kumlazimisha. Hakuna anayedaiwa kula asichotaka. Kinachodaiwa ni kwamba asimdharau jirani yake, na asidhani kwamba alichokizoea ni salama kwa sababu amekizoea.

Kazi ya shule

Mwalimu wa sayansi anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo bila gharama. Na awaombe wanafunzi wataje vyakula vinavyoliwa kwao na kuchekwa kwingine. Orodha itajaa ubao: ng'onda, senene, kumbikumbi, panya wa shambani, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu, mboga zenye utelezi. Kisha kila chakula kiulizwe maswali matatu. La kwanza: kina nini ndani yake, cha kujenga mwili na cha kuudhuru? La pili: kimeandaliwaje, na kila hatua ya kukiandaa hufanya kazi gani? La tatu: ni nani asiyepaswa kukila, na kwa sababu gani inayoweza kuthibitishwa?

Maswali hayo hayo na yaulizwe kuhusu muhogo, mahindi na karanga zilizomo katika ghala la shule. Hapo mwanafunzi ataona kwamba chakula alichokuwa akikicheka kimejibu vizuri, na kwamba baadhi ya vile alivyokuwa akivila bila kufikiri havijajibu. Na vichekesho vya bwenini vikianza tena, awepo angalau mmoja atakayeomba kopo lile litolewe chini ya kitanda, lifunguliwe, na kuonjwa.